Usomeni Mto Kabla ya Mitambo

Ninyi mnaoanza kazi au mafunzo katika vituo vya kufua umeme hapa Uganda, ninawaomba kwamba kabla hamjaingia katika michoro ya mitambo, mchukue ramani na kuufuata Mto Nile kwa kidole kutoka Jinja hadi Karuma. Nalubaale na Kiira vipo mahali mto unapotoka Ziwa Victoria, Bujagali kipo kilomita chache chini yake, Isimba kipo Kayunga, kisha mto unapita Ziwa Kyoga, penye tambarare, ndipo unafika Karuma na kuanza kuteremka kwa nguvu. Aliyechagua mahali pa vituo hivi ni mteremko wa maji.

Bwawa la kwanza kubwa lilizinduliwa na Malkia Elizabeth II mwezi Aprili 1954, likiitwa Owen Falls, na maporomoko ya Ripon, yaliyokuwa mlango wa ziwa, yakazama. Lilikuwa na mitambo 10 ya jumla ya megawati 150, ambayo baadaye iliongezewa uwezo hadi 180. Siku hizi linaitwa Nalubaale, lakini nyaraka za zamani bado zina jina lile la kwanza, nanyi msidhani kwamba ni kituo kingine.

Kiira kilijengwa kando yake, kikiwa na mfereji wake na mitambo 5 ya megawati 40 kila mmoja. Hapo ndipo nilipokosea nilipokuwa mgeni kama ninyi. Katika ripoti yangu ya kwanza nilijumlisha 180 na 200, nikaandika kwamba Jinja ina megawati 380 za kutumia wakati wowote. Mkubwa wangu wa zamu hakunikemea. Alinipeleka ukingoni, akanionyesha rula ya kupimia kina cha maji, akaniuliza vituo vyote viwili vinakunywa wapi. Ziwa ni moja, na maji yanayoruhusiwa kutoka hutegemea kina chake. Mwaka 2005 na 2006, ukame na kutolewa kwa maji kupita kiwango cha makubaliano vilishusha ziwa, mgawo wa umeme ukawa mkali, na nchi ikalazimika kuendesha jenereta za dizeli zenye gharama kubwa.

Bujagali, chenye megawati 250, kilichokamilika mwaka 2012, kina manufaa ya namna yake, kwa sababu maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo ya Jinja huzungusha na ya hapo bila kuchota tone jingine ziwani. Isimba, cha megawati 183, kilifuata mwaka 2019. Karuma, cha megawati 600, kilichozinduliwa mwaka 2024, mitambo yake 6 imewekwa chini ya ardhi, na maji hurudi mtoni kwa mahandaki marefu. Nje ya mto huu kuna umeme wa jua Soroti, wa mabaki ya miwa Kakira, na wa mito midogo ya Kasese, ambao ninyi wa huko mtaujua vizuri kuliko mimi.

Kila asubuhi, basi, someni kina cha maji kwanza, kisha mkatazame vyuma vya kuzuia takataka kwenye mlango wa maji. Magugu maji yakibanana hapo, maji hupungua nguvu kabla hayajafika kwenye mtambo, na mtu asiyetoka chumba cha usimamizi atahangaika kutafuta hitilafu ndani ya mashine isiyo na kasoro.