Safari ya ndege ya saa 11: je, msafiri anaruhusiwa kufungua?

Swali: Shekhe, Ramadhani hii nasafiri kutoka Heathrow, London, ninakoishi, kwenda Los Angeles kumwona mama aliyelazwa. Ndege inaondoka saa 6 mchana na kufika saa 9 alasiri ya huko, siku hiyo hiyo. Nimeambiwa kuwa ndege si safari ya kisheria, kwani ni saa 11 tu za kukaa kitini. Mwingine akaniambia nifuturu kwa saa ya London. Nifuate lipi?

Jibu: Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amponye mama yako.

Kauli ya kwanza imeenea sana siku hizi, nayo ni batili. Aya ya 184 ya Al-Baqara imemtaja mgonjwa na aliye safarini, wala haikuuliza amepanda nini au amechoka kiasi gani. Ni kama ruhusa nyingine ya msafiri, ya kupunguza Swala: Ya'la bin Umayya alimuuliza Umar, radhi za Allah zimshukie, kwa nini Swala inapunguzwa safarini ilhali watu wako katika amani, naye akajibu kwamba alikwisha kumuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, akaambiwa kuwa hiyo ni sadaka aliyowapa Mwenyezi Mungu, basi waikubali. Lau kipimo kingekuwa tabu, mvunja mawe aliye mjini kwake angepunguza Swala na mfalme anayebebwa njia nzima asingepunguza, jambo ambalo hakuna fakihi aliyelisema. Jamhuri ya wanazuoni, yaani walio wengi, wamepima kwa masafa, yaani burudi nne, ambazo ni kilomita 80 na ushei. Wewe unakwenda karibu kilomita 8,800. Anayehesabu saa za kukaa kitini amejitungia sharti lake mwenyewe.

Kuhusu kufuturu kwa saa ya London, Mwenyezi Mungu amesema tutimize Saumu mpaka usiku, na mtu anayeliona jua dirishani hajafikiwa na usiku, hata saa ya mkononi iseme nini. Kwa kuwa unalifuata jua kuelekea magharibi, Saumu yako itafika takriban saa 21.

Hapa ndipo penye uzito. Katika madhehebu ya Shafi, aliyepambazukiwa akiwa mjini kwake amefunga hafungui siku hiyo kwa sababu ya safari peke yake. Hanbali wanamruhusu akishatoka mjini. Ukipata ndege inayoondoka kabla ya alfajiri, umetoka katika hitilafu hiyo. Usipopata, tia nia na ufunge, na ukizidiwa kwa kiu au kizunguzungu, fungua bila wasiwasi, kwani hapo hata Shafi hawakuzuii. Adhuhuri na Alasiri ziswali humo ndegeni, rakaa mbili mbili, ukisimama penye nafasi karibu na mlango na kuelekea kibla.

Wala usijikalifishe kufika hospitali ukiwa huwezi hata kumnyanyua mama yako mto. Anakuhitaji ukiwa na nguvu, na kumhudumia ni ibada. Siku uliyofungua utailipa baada ya Idi, kabla ya kuingia Ramadhani nyingine.