Mafuta ya tumboni yanaihusuje kinga ya mwili?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 47, nauza mawese na dagaa hapa Ujiji, Kigoma. Nilipopimwa, niliambiwa sukari imepanda kidogo, na kwamba mafuta ya tumboni yanaichokoza kinga ya mwili hadi homoni zinavurugika. Sikuelewa. Kinga si kazi yake kupambana na vijidudu?

JIBU: Marahaba, mama. Mafuta ya mwilini si kama mawese yaliyotulia ndani ya dumu. Seli za mafuta ni hai na zinatoa homoni zake zenyewe, ikiwemo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huujulisha ubongo kwamba akiba ya chakula ipo, na adiponektini, ambayo huisaidia insulini kuingiza sukari kwenye misuli na kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu.

Kitambi kinapokua, seli hizo hujaa kupita kiasi, hewa ya oksijeni huzifikia kwa shida, na baadhi hufa. Hapo ndipo kinga inapoingia, maana kusafisha seli zilizokufa nako ni kazi yake. Chembe za kinga ziitwazo makrofaji huja na kuizunguka seli iliyokufa, kama dagaa wanavyoizunguka karabai usiku ziwani. Kwenye darubini duara hilo huonekana wazi. Tatizo ni kwamba haziondoki. Zikiwa pale hutoa kemikali, mojawapo ikiitwa TNF, ambayo mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya wanene kwamba huizuia insulini kufanya kazi. Kemikali hiyo pia huzifanya seli za mafuta zitoe adiponektini kidogo zaidi. Leptini nayo huwa nyingi, kwa kuwa mafuta yenyewe ni mengi, lakini ubongo hauisikii tena vizuri, na kwa bahati mbaya leptini hiyohiyo huzichochea chembe za kinga, hivyo moto unajiongezea kuni wenyewe.

Daktari wako, kwa hiyo, alisema kweli, na ninafurahi umeuliza badala ya kukaa na hofu. Huo si ugonjwa utakaouhisi kwa homa au maumivu, bali ni mwako mdogo wa ndani unaodumu miaka.

Habari njema ni kwamba unapungua. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002, watu wenye sukari iliyopanda kama yako walielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, hasa kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kupata kisukari ikapungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi. Dagaa endelea kula. Mawese yapime kwa kijiko badala ya kumimina, na ugali uupunguze. Baada ya miezi mitatu rudi ukapime, na kama kipimo cha HbA1c kipo, kiombe, kwani huonyesha wastani wa sukari wa miezi hiyo na si wa asubuhi moja tu.