Komencantoj (nyie mnaoanza Kiesperanto), hebu tuongee kuhusu -n na sia

Nimetoka kusahihisha mazoezi yenu na kwa kweli lazima niseme, maana makosa ni yaleyale, kundi lililopita waliyafanya, la kabla yao pia, na sasa nyie. Nawapenda jamani, mna bidii, maneno mnayashika haraka kuliko tulivyoyashika sisi, lakini sarufi mnaipita juu juu kwa sababu mtu kawaambia ni sheria 16 tu. Ni 16 kweli, Zamenhof, aliyebuni lugha hii, alizitoa tangu kitabu cha kwanza cha 1887 na zikakaa rasmi kwenye Fundamento, kitabu cha msingi wa lugha, cha 1905, ila kuna mambo zinayagusa kwa neno moja halafu zinapita, na humo ndo mnaanguka.

1. Hii -n. Kila mtu ananiambia shamirisho inachukua -n halafu huyohuyo anaandika "Mi havas granda domo" (nina nyumba kubwa). Kivumishi nacho kinachukua! Grandan domon, na wingi ukiingia ni grandajn domojn, j kwanza n baadaye. Upatanisho sisi hatuna kisingizio, tumekua tunasema vitabu vikubwa viwili vimepotea bila hata kufikiri. Na ukijiuliza -n inafanya kazi gani, jisikilize unaposema "kitabu nimekisoma". Kitabu umekiweka mbele na hakuna anayedhani kitabu ndo kimesoma, kwa sababu -ki- imeshaonyesha nani kamfanya nani. Kiesperanto kinaweka alama hiyo kwenye mwisho wa nomino, La libron mi legis, basi.

Halafu kuna wale wakishakosolewa mara moja wanabandika -n kila mahali, "Mi estas instruiston" (mimi ni mwalimu), "por vin" (kwa ajili yako). Hapana. Esti (kuwa) haina shamirisho, na kihusishi chenyewe hakidai -n, sheria ya 8 inasema wazi. Inayoleta -n baada ya kihusishi ni mwendo, sheria ya 13, na hapo Kiswahili kinatuponza maana sisi niko shuleni na naenda shuleni ni shuleni ileile, wao ni mi estas en la lernejo lakini mi iras en la lernejon. Ukitumia al (kuelekea) usiweke, al tayari ina mwendo ndani yake.

2. Mkazo ni silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Twende.

3. Sia. Hapa nitakaa kidogo.

Kiswahili tuna -ake moja. Alichukua pesa zake, za nani? Mazungumzo yanatuambia, na yasipotuambia tunauliza. Kiesperanto wamegawanya: sia ni ya mtenda wa sentensi hiyohiyo, lia (ya mwanamume) na ŝia (ya mwanamke) ni ya mtu mwingine. Nilikuwa naijua sheria hii vizuri, nilikuwa naifundisha. Sasa kuna kipindi wenzangu wawili, wanawake wote, walichanga pesa ili waende pamoja kwenye kongamano, baadaye mmoja akaahirisha safari na akachukua mchango wake, jambo halali kabisa ambalo walishakubaliana. Mimi ndo niliyekuwa naandikiana na mwenyeji wetu wa huko, nikamweleza kwa Kiesperanto, barua ndefu nzuri tu, na katikati nikaandika ŝi prenis ŝian monon. Kichwani nilikuwa nasema alichukua pesa zake. Kwenye karatasi nilisema amechukua pesa za mwenzake.

Mwenyeji hakuniuliza mimi. Alimwandikia yule mwenzake kumpa pole kwa kuibiwa, na ile barua wakaisoma wote wawili. Aliyeahirisha akanifuata akaniuliza amenikosea nini mpaka nimwite mwizi kwa mtu ambaye hajawahi hata kumwona. Nikamwonyesha sentensi, akaelewa palepale, Kiesperanto anakijua, lakini uso wake haukubadilika. Nikaandika barua ya kusahihisha siku hiyohiyo na mwenyeji akaomba radhi, ila yule dada hakumwandikia tena na kongamano lililofuata hakwenda. Urafiki wetu ulichukua muda mrefu kurudi, na hadi leo nikiandika nafsi ya tatu nasimama kwanza, naangalia mali ni ya nani, ndo naendelea.

Sasa angalieni sian na ŝian kwa macho. Tofauti ni kikofia tu juu ya s. Ndo maana nagomba mnapoandika bila vikofia mkisema mtu ataelewa, hataelewa, atasoma kitu kingine kabisa. Kibodi haina? Andika sx, gx, cx, wote wanaijua mbinu hiyo.

Na msije sasa mkaimwaga sia kila mahali. Ni ya nafsi ya tatu tu, mimi nampenda kaka yangu ni mian fraton. Haiingii kwenye kiima chenyewe, yeye na kaka yake walikuja ni li kaj lia frato venis, siyo sia frato. Na kishazi kikiwa na mtenda wake, sia inamfuata huyo wa karibu: Ŝi petis, ke li alportu sian libron (mwanamke aliomba mwanamume alete kitabu chake), kitabu ni cha mwanamume. Ukitaka kiwe cha mwanamke andika ŝian, na hapo kikofia hakikosi.

4. -ig- (kusababisha) na -iĝ- (kutendeka au kuwa) wazungumzaji wa lugha nyingine zinawatesa, nyie hazipaswi. Vunja na vunjika, rompi na rompiĝi. Chemka na chemsha, boli na boligi. Mnapojikwaa ni kwenye anza kwa sababu kwetu mwalimu ameanza somo na somo limeanza ni kitenzi kilekile, basi mnaandika "la kurso komencas" na msomaji anabaki anasubiri inaanza nini. La kurso komenciĝas.

5. Yeye ni li (mwanamume) au ŝi (mwanamke), chagua kabla hujaanza sentensi, siyo katikati. Na hali ya hewa ni estas varme (kuna joto), kwa -e, kwa kuwa hakuna nomino ya kusifia.

Wiki ijayo kila mmoja alete sentensi zenye watu wawili na kitu kimoja, aziandike kwa sia kisha kwa lia au ŝia, na pembeni aeleze kwa Kiswahili kitu ni cha nani. Za -ake peke yake sizipokei, nataka jina la mwenye mali.