Miaka sita ya kuona wagonjwa, na bado nafasi ya usimamizi inapewa wengine

Dada, umeuliza kwa nini hupandi cheo kuwa msimamizi ilhali una uzamili wa saikolojia tiba na umeona wagonjwa miaka sita hapa Nairobi. Ukijaza ombi kwa idadi ya wagonjwa hujasema kitu. Kila mwombaji anayo. Jopo la usaili linatafuta mtu ambaye akiwepo, kazi ya wenzake inakuwa nzuri zaidi.

Leseni ya Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2014, iwe hai. Uzamivu hauna haraka, ila kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu.

Kazi yenyewe ni supavisheni, yaani kuwaongoza wanaojifunza tiba katika kesi zao. Omba wanafunzi wawili au watatu wa mazoezi, saa moja kwa wiki, siku ileile. Kila mmoja alete kesi moja na swali moja aliloliandika: "Nimfanyeje mama anayenyamaza nusu ya kikao?" Akisema tu "naomba maoni", mrudishe akaandike. Weka daftari la safu nne: tarehe, kesi kwa namba (jina kamwe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina mzaha), swali, na kilichobadilika kikao kilichofuata. Wengi huiacha tupu hiyo safu ya nne, nayo ndiyo ushahidi wako. Msimamizi mpya naye huteleza akawa mtabibu wa mwanafunzi: saa inaishia kwenye machozi ya mwanafunzi, mgonjwa hajatajwa.

Halafu matokeo. PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, ina maswali 9, alama 0 hadi 27. Ijazwe kikao cha 1, cha 4 na cha 8. Alama zikishuka 5 au zaidi, hayo ni mabadiliko ya maana. Wahesabu pia walioacha kuja. Ukiwaficha takwimu zitang'aa, na daktari wa akili aliye kwenye jopo atauliza wameenda wapi.

Kwenye usaili jiandae kwa swali kama hili: Ijumaa saa kumi jioni mwanafunzi wako anapiga simu, mgonjwa amesema leo hafiki nyumbani, nawe uko kwenye matatu ya Rongai. Nadharia weka kando. Sema nani anabaki naye chumbani, nani anamuuliza waziwazi kama ana mpango wa kujiua, daktari yupi anaitwa, nani wa familia anapigiwa, na nani anaandika yote kwenye faili, pamoja na saa. Hiyo saa ndiyo husahaulika.