Jaketi la baharini halinunuliwi kama sare ya shule

SWALI: Mwanangu ana miaka 9 na kilo 27. Likizo ya Juni anakwenda kambi ya wiki moja kujifunza mashua za tanga, zile ndogo za Optimist. Kuogelea anajua kidogo. Nimemshonea jaketi okozi kwa fundi, saizi kubwa ili alivae hadi darasa la saba. Fundi anasema halina tofauti na la dukani. Je, mashua ikipinduka litamtosha? (Mama wa Kigamboni)

JIBU: Mama, usiseme "ikipinduka". Itapinduka. Optimist ina urefu wa mita 2.36 tu, na Juni ni kusi. Isitoshe, mwalimu anayeijua kazi atawapindua makusudi mapema, karibu na ufuko, wajifunze kuiinua na kukumba maji kwa upo. Watoto wengi hucheka. Hilo lisikunyime usingizi.

Kinachoninyima mimi usingizi ni hayo maneno yako "saizi kubwa". Kila likizo nawapokea watoto waliovalishwa majaketi ya kaka zao, au yaliyonunuliwa kwa hesabu ya "atakua nalo". Shati la shule likizidi, unakunja mikono. Jaketi likizidi, mtoto akiingia majini lenyewe linapanda juu, yeye anabaki chini. Linamziba masikio na macho, mikono inanyanyuka kama anayesalimu amri, na pua iko majini. Mzazi aliye ufukoni anaona jaketi linaelea, anatulia.

Mvalishe, funga kila kitu, kisha shika mabega ya jaketi uvute juu kwa nguvu. Likifika masikioni, si lake. Lazima liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, hata akilalamika kwamba unambana. Soma na lebo: iandike uzito wa mvaaji, na kilo 27 ziwemo. Tafuta pia namba ya nguvu ya kuelea, inayopimwa kwa newton: namba 50 ni ya anayeogelea vizuri, msaada ukiwa karibu. Haikuundwa kumgeuza uso juu aliyepoteza fahamu. Namba 100 imeundwa kumgeuza. Kwa mtoto "anayejua kidogo" ningeanza na 100, na hizi wiki zilizobaki apelekwe bwawani kila Jumamosi.

Sasa huyo fundi. Sina ugomvi na cherehani, nina ugomvi na anachojaza ndani. Sponji ya godoro inaelea dakika za kwanza, ndiyo maana jaribio la kwenye beseni hufaulu kila mara, kisha inakunywa maji. Povu la jaketi la kweli lina vitundu vilivyofungwa, maji hayapenyi. Ukitaka kuhakikisha, lizamishe kwenye pipa kwa tofali usiku kucha, asubuhi likamue. Likitoa maji kama tambara la kudekia, umepata jibu bila kunilipa.

Na hili si la mafundi wetu peke yao. Januari 2016 polisi wa Izmir, Uturuki, walivamia karakana iliyowashonea wahamiaji majaketi bandia, wakakamata zaidi ya 1,200 yaliyojazwa vifaa vya kufungashia bidhaa. Kwa nje yalifanana na mengine yote. Hapa kwetu nayaona yakining'inia kwenye boti za kupeleka watu visiwani, yamefifia kwa jua, mikanda imefungwa kwa kamba ya katani, na abiria anaambiwa alikalie maana ubao ni mgumu. Mtu akikwambia watoto wa pwani hawahitaji jaketi kwa kuwa maji ya chumvi yanabeba, muulize mbona wavuvi, waliozaliwa humo humo, wanazama.

Kambi nyingi zina majaketi yao. Nenda siku moja kabla, umjaribishie mwanao hapo hapo, na uulize boti ya uokozi iko wapi na nani anaiendesha. Wakikuonyesha boti iliyo juu ya magogo bila injini, rudi naye nyumbani.

Hilo la fundi lichane, sponji ufanyie mto wa kukalia ufukoni.