Spika za Besi Kutoka Majengo Mpaka Nairobi, Nisafirishe na Nini?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Tuna kikundi cha taarab hapa Majengo, Mombasa, tumepata harusi Nairobi mwezi ujao na wenyewe wanataka tuje na mziki wetu. Kuna spika nne za besi, nne za juu, raki mbili za amplifaya, miksa na waya zake. Nimeuliza kampuni ya vifurushi wakanipa bei nikaona pesa yote ya harusi yaishia njiani. Nifanyeje?
Msomaji, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na hongera kwa hiyo harusi.

Kabla hujapiga simu nyingine chukua tepu upime kila spika urefu, upana na kimo, sababu hao wa vifurushi wengi hawaangalii kilo peke yake, wanaangalia na nafasi mzigo unaokula. Hesabu yao huwa hivi: zidisha vipimo vitatu kwa sentimita alafu gawa kwa 5000, wengine hugawa kwa 6000. Spika ya besi ya 120 kwa 60 kwa 60 ukigawa kwa 5000 inatoka kilo 86.4, sasa hata mzani ukisema kilo 60 wewe utalipia 86 na kitu. Na ikiwa kilo za mzani ndo nyingi basi watachukua za mzani. Spika ndani yake ni sanduku la hewa, kwa hivyo ukiituma hivyo unalipia hewa mara nne.

Lori ndo jibu, lakini si lori lolote. Wengi hukimbilia magari ya bandarini, na hayo kupanda Nairobi yanapanda yamejaa, kushuka ndo mengi yanashuka matupu, kwa hivyo wewe wa kupanda huna nguvu ya bei, tena mengine ni matrela ya kontena hayana hata bodi. Kontena zima la futi 20 la treni pia si lako, linabeba kama mita 33 za ujazo na mzigo wako nimeupigia hesabu haufiki hata 5.

Nenda Kongowea sokoni alfajiri. Kanta, yale malori madogo, zilizoleta kabichi, viazi na vitunguu kutoka bara zikishamaliza kushusha, dereva anatafuta mzigo wa kurudi nao, akikosa anarudi mtupu na mafuta ni yale yale. Hapo ndo mnasikizana. Ongea na dereva na mwenye gari, usiongee na dalali peke yake, na piga picha ya namba ya gari na kitambulisho cha dereva. Njia yake ya kurudi inavuka daraja la Nyali ikakata kisiwani mpaka Makupa, kwa hivyo mwambie akupitie Majengo, hiyo pesa ya pikapu ya kupeleka mzigo Kongowea itabaki mfukoni. Bei muiseme ya mpaka mlangoni kwa harusi, mahamali wa kupakia na kushusha wamo ndani, nusu sasa nusu mzigo ukishuka mzima.

Chini ya gari la kabichi huwa maji maji. Tandika paleti kisha turubai ndo upange mzigo, na juu turubai jengine. Spika zitazamane uso kwa uso na blanketi katikati, hivyo koni hazichomwi na pembe ya kitu. Kila kitu kifungwe mikanda kwenye bodi, usimwachie utingo na kamba ya katani. Mmoja wenu apande na gari, abebe risiti za vyombo na orodha ya namba zake za kiwandani (serial number), akisimamishwa njiani awe na la kuonyesha.

Sasa raki, hapa naomba unisikize sana maana niliumia mimi. Niliwahi kupeleka amplifaya imekazwa kwa skrubu nne za mbele tu kama tunavyozoea, nikafika nikakuta masikio yake ya kutilia skrubu yamepinda na paneli imepasuka, mzito wote ulikuwa unaning'inia hapo mbele kila gari ikipiga tuta. Tia vyuma vya kuishika nyuma pia, au uitoe isafiri chini imelala kwenye godoro. Na risiti niliyopewa ya kusafirisha ilikuwa imeandikwa mzigo ni kwa hatari ya mwenyewe, sikuisoma, sikulipwa kitu. Wewe soma, na ulizia bima ya mzigo safarini kabla gari haijaondoka.

Miksa na maikrofoni usizitie kwenye kanta. Hizo ndo za basi, mkae nazo, betri mmezitoa.

Na bado uliza kitu kimoja: besi huko Nairobi zakodishwa kwa pesa ngapi? Zikiwa rahisi kuliko nafasi zinazokula garini, acha zako nyumbani upande na za juu tu. Waimbaji wenu watasikika vile vile, sauti yao iko kwenye miksa na spika za juu.

Mkirudi, Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na usiku kuna baridi, chombo kikiingia joto na unyevu wa hapa kinatoka jasho ndani. Usiwashe siku hiyo hiyo. Fungua makasha, acha vikae mpaka ukishika chuma hakina ubaridi tena, ndo utie stimu.