Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Aliifunika Sahani Yake

SWALI: Mimi na mume wangu tuko katika huduma ya umisheni mwaka wa 7 sasa, mbali na kwetu, pamoja na watoto wetu 3. Mume wangu hufundisha Neno, hutembelea wagonjwa na kupatanisha waliokosana, na ikifika jioni sebule yetu inakuwa ofisi yake. Sijajutia wito huu hata siku moja. Lakini juzi mlango ulipobishwa tukiwa mezani, mwanangu wa miaka 9 aliifunika sahani yake bila kuambiwa na mtu, akampisha mgeni kiti, akaenda kuketi chumbani peke yake. Nilipomweleza mume wangu jinsi jambo lile lilivyonichoma, alinijibu kwamba aliyetia mkono wake kulima haangalii nyuma. Je, nakosea kutamani nyumba yetu iwe na saa ya kufunga mlango?
Mke wa mmisionari

JIBU: Hukosei, mama, na ninakushukuru kwa kuitaja ile sahani, kwa sababu mimi nami nililelewa katika nyumba ya namna hiyo na najua mtoto huwa amezoea mara ngapi kabla hajafikia kuifunika bila kuambiwa. Pengine wageni wenu walimsifu kwa adabu, na adabu kweli anayo. Ila kuna adabu inayotokana na kulelewa vizuri, na kuna nyingine ambayo mtoto huipata baada ya kukata tamaa ya kuwa na zamu yake.

Mume wako amenukuu maneno ya Bwana katika Luka 9:62, nayo ni maneno mazito ambayo hatuna ruhusa ya kuyapunguza. Lakini hayo aliambiwa mtu aliyekuwa bado anasitasita kuondoka kwake. Ninyi mliondoka zamani, na watoto mkaondoka nao. Mwanenu hayuko nyuma ya jembe. Yuko ndani ya shamba lile lile mnalolilima, na yeye hakuulizwa kama angependa kuja.

Ningewaomba msome pamoja, mume na mke, Kutoka 18 kuanzia mstari wa kwanza. Tumezoea kuihubiri sura hiyo kama somo la uongozi, kwamba Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na Yethro mkwewe akamshauri awaweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi ili wamsaidie. Ni mara chache tunakumbuka Yethro alikuja kufanya nini. Alikuja kumrudishia Musa mke wake Sipora, ambaye alikuwa amerudishwa kwao, pamoja na wana wao wawili, na ilikuwa kesho yake tu alipoona jinsi siku nzima ya mkwewe inavyomezwa na watu. Mwana mmoja aliitwa Gershomu, kwa kuwa babaye alisema amekuwa mgeni katika nchi ya ugeni. Huyo ni mtoto aliyeubeba ugeni wa baba yake katika jina lake, na watoto wa wamisionari wanaubeba hata wakiwa na majina mengine.

Historia ya umisheni nayo haikunyamaza. David Livingstone aliwapeleka mkewe Mary na watoto wao 4 Uingereza mwaka 1852, naye akabaki Afrika akisafiri hadi mwaka 1856. Mary alifariki mwaka 1862 huko Shupanga, kando ya mto Zambezi. Livingstone mwenyewe aliandika baadaye kwamba alijutia kutocheza na wanawe walipokuwa Kolobeng, kituo chake cha umisheni, maana jioni ilimkuta amechoka kwa kazi za mchana. Simtaji ili kumhukumu. Namtaja kwa sababu alichokijutia ni zile jioni, ndizo hizo hizo unazoniuliza.

Sasa, sisemi mfunge mlango kabisa. Kanisa lilikutana nyumbani kwa Akila na Prisila, na ukarimu wa nyumba yenu huenda umewavuta watu kwa Kristo kuliko mahubiri mengi. Mnachohitaji ni jioni 2 katika wiki zinazojulikana na kila mtu, wazee wa kanisa wakiwa wa kwanza kuelezwa, na mume wako mwenyewe ndiye awaeleze, kwa maana ukiwaeleza wewe wataona kwamba mke anamzuia mtumishi wa Mungu. Jioni hizo, mwenye shida apokewe na mzee wa zamu. Msiba na ugonjwa havina saa, na mtoto wa miaka 9 anaelewa hilo akielezwa. Asichoelewa ni kwa nini mazungumzo yanayoweza kungoja kesho hayangoji, ilhali yeye hungoja kila siku.

Kwa wiki za kwanza watu watabisha tu. Baba ndiye akafungue, aseme kwa upole kwamba anakula na watoto wake, kisha arudi kuketi, na mwanenu amwone akirudi.

SWALI: Binti yetu wa miaka 14 hataki tena picha wala habari zake ziwemo katika barua ya maombi tunayowatumia wanaotutegemeza. Mke wangu anaona tumwache, lakini mimi nahofia kwamba wanaotuombea tangu alipokuwa mchanga watahisi tumewaficha jambo. Tufanyeje?
Baba, mmisionari

JIBU: Mke wako ana haki, ndugu yangu. Wanaowategemeza waliahidi kuiombea familia, na wanaweza kumwombea binti kwa jina lake bila kujua alilia lini na kwa sababu gani. Andikeni mstari mmoja tu, kwamba amekua na sasa anapenda habari zake azisimulie mwenyewe. Walio wengi ni wazazi na wataelewa. Kabla ya barua ijayo, mpe rasimu aisome, na atakachokikata kikatwe bila kujadiliwa. Mwulize pia kuhusu barua za miaka iliyopita, kwa kuwa huenda kuna moja iliyomuumiza ambayo hajawahi kuwaambia.